Ratiba ya Krismasi Iliandikwa na Betri

Betri ya gari ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50, ikiwa mpya na imejaa, hubeba nishati ya wati-saa 600. Ya kutumia bila kuiua ni nusu tu, kwa sababu betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Runinga ya inchi 14 isiyo ya rangi, mfano zile Greatwall zilizoenea vijijini Kenya miaka ya 1990, ilikula kati ya wati 15 na 20. Ukigawanya unapata saa 15 hadi 20, na hiyo ni kwa betri mpya. Betri iliyofika nyumbani mara nyingi ilikuwa imekwisha kustaafu kwenye matatu au pikapu, na saa zake zilikuwa nane, pengine sita. Hesabu hii ndogo inatosha kueleza jambo ambalo huwa tunalisimulia kwa hisia tupu: namna familia za mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Usenge na Bondo hadi Kendu Bay na Mbita, zilivyotazama runinga pamoja msimu wa Krismasi kabla ya stima kufika vijijini. Watu husema siku zile familia zilipendana zaidi, au vipindi vilikuwa vizuri zaidi. Mimi nasema mkusanyiko ule ulikuwa kazi ya ufundi. Uhaba wa nishati, wa mawimbi na wa mitambo ndio uliopanga nani akae wapi, nini kitazamwe na kwa muda gani, na watu wa kawaida waliusimamia uhaba huo kwa ujuzi ambao hatujauheshimu inavyostahili.

Tuanze na mawimbi, maana bila hayo betri haina kazi. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mtambo wake ukiwa Limuru. Mwaka 1964 serikali ililichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, VOK, jina lililodumu hadi 1989 shirika liliporudishiwa jina lake la awali, KBC. Kwa miaka yote hiyo, na kwa muda mrefu baadaye, mtu wa Nyanza alikuwa na chaneli moja. Mawimbi yake yalikuwa ya VHF, ambayo husafiri karibu kama mwanga: yakikutana na mlima, nyuma yake kunakuwa kivuli. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na kaskazini yake umesimama ukingo wa Nandi, kusini uwanda wa juu wa Nyabondo. Mwenye nyumba katika tambarare ya Kano, ambako macho hayazuiwi na kitu, alipata picha ya kuridhisha, ilhali mwenye nyumba aliyejenga chini ya kilima huko Homa Hills au Gembe alipata chenga, na wakati mwingine picha mbili, ya pili ikitembea kando ya ya kwanza kwa sababu wimbi limegonga mwamba na kufika kwa kuchelewa.

Urefu wa wimbi nao ulidai kazi. Katika sehemu ya chini ya VHF wimbi lina urefu wa mita tano au sita, na antena inayolipokea vizuri ni nusu ya hapo, yaani bomba la karibu mita tatu. Kipande cha waya wa kuanikia nguo nyuma ya runinga hakingeweza kufanya kazi hiyo mbali na mtambo. Ndiyo maana mafundi wa jua kali walikata mabomba ya alumini, wakayapanga kwenye boriti, na boriti ikafungwa juu ya mlingoti wa mkaratusi uliopita paa la mabati. Kuielekeza kulihitaji watu watatu: mmoja anazungusha mlingoti, mmoja yuko mbele ya kioo, na wa tatu amesimama mlangoni akipeleka neno kati yao, hapo, umepita, rudisha kidogo, shika hapo hapo. Mvua ilipoanza kunguruma waya wa antena ulichomolewa na kutupwa nje ya dirisha, kwa kuwa eneo hili lina radi kali kuliko sehemu nyingi za nchi na mlingoti mrefu ni mwaliko. Ziwa lenyewe lilisaidia jioni fulani fulani. Hewa iliyotulia juu ya maji hupinda mawimbi na kuyapeleka mbali kuliko kawaida, na upande wa pili kulikuwa na Uganda, iliyokuwa na televisheni tangu 1963. Upande wa kusini haukuwa na la kutuma: Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi 1994.

Kwa hiyo kabla mtu hajaketi kutazama chochote, boma lilikuwa limekwisha kukusanyika kwa sababu ya kazi. Krismasi ndiyo iliyoleta mikono. Kijana aliyeajiriwa Nairobi alirudi na familia yake kwa basi au kwa gari la moshi la usiku, na katika nyumba nyingi yeye ndiye aliyeileta runinga yenyewe, ndani ya boksi lake, ikiwa imezungushiwa blanketi. Wadogo zake walijua mlingoti wa mwaka jana uliinama upande gani. Mama wa boma alikuwa amejua tangu mwanzo wa mwezi betri ingechajiwa wapi, na kwa bei gani.

Kuchaji ndiko kiini cha jambo. Soko lenye stima, kama Ahero, Luanda au Oyugis, lilikuwa na duka lenye chaja; penginepo kazi ilifanywa na mwenye posho mil ya dizeli. Chaja ya ampea tano huchukua saa kumi au zaidi kuijaza betri ya ampea-saa 50, na haijazi betri zote za tarafa kwa usiku mmoja. Wiki ya Krismasi betri zilipangwa sakafuni kwa foleni, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Aliyeipeleka tarehe 24 alikuwa amechelewa. Mwenye busara aliipeleka tarehe 20, akairudisha kwa boda boda ya baiskeli, kilo zipatazo 15 zikiwa zimefungwa kwa mpira nyuma ya mwendeshaji, wima, kwa kuwa asidi ikimwagika inakula suruali na ngozi. Ikifika nyumbani haikuguswa. Hapa ndipo nidhamu ilipoanza: nyumba yenye runinga na betri iliyojaa ilikaa siku tatu nne bila kuwasha, watoto wakizunguka kabati lililofunikwa kitambaa cha kufumwa, na hakuna aliyethubutu kuomba hata dakika tano.

Waliokuwa na sola hawakuepuka hesabu hiyo. Kuanzia miaka ya 1980 Kenya ilipata soko la sola la watu binafsi lililokuja kujulikana duniani kote, na paneli iliyouzwa sana kwa kaya za kawaida ilikuwa ndogo, ya wati 12 hivi. Mtafiti Arne Jacobson, aliyelichunguza soko hilo, alionyesha kwamba runinga ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za watu kununua paneli, na mara nyingi ilipewa nishati kabla ya taa ya jikoni au ya mtoto anayesoma. Paneli ya wati 12 chini ya jua zuri la Desemba hutoa wati-saa 60 kwenye karatasi, na ukitoa upotevu wa nyaya, joto na betri kuukuu, labda 40. Hiyo ni saa mbili za runinga kwa siku, saa mbili kamili basi. Ukitaka nne siku ya Krismasi, lazima uzitoe mahali, na mahali pekee pa kuzitoa ni jioni za tarehe 23 na 24.

Dalili za kwisha zilisomwa kwenye kioo chenyewe. Volti ziliposhuka, picha ilianza kunywea kutoka kingoni, ukanda mweusi ukiingia kushoto na kulia. Kisha ikaanza kupanda juu kama inayokunjwa. Sauti ilibaki ya mwisho. Kijana mzoefu aliona ule ukanda ukiwa na upana wa kidole tu na kujua zimebaki dakika ngapi. Alipunguza mwangaza, akazima taa ndogo iliyounganishwa kwenye betri hiyo hiyo, akabana vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe. Huo ulikuwa usomaji wa chombo, na ulihitaji mazoezi kama usomaji mwingine wowote. Jambo moja zaidi linaonyesha uzito wa hesabu hii: rangi ilifika kwenye televisheni ya Kenya mwaka 1978, lakini runinga zisizo za rangi ziliendelea kununuliwa mwambaoni zaidi ya miaka 20 baadaye. Bei ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba runinga ya rangi ya inchi 14 ilikula wati 40 hadi 60, nyingi zikitaka volti 240. Rangi ingegeuza saa nane kuwa saa mbili na nusu, na familia zilichagua saa.

Sasa tazama saa hizo zilitumika kwa nini. Habari za Kiswahili zilisomwa saa moja jioni, za Kiingereza saa tatu usiku, na katikati au kando yao vilikaa vichekesho vya nyumbani: Vioja Mahakamani, Vitimbi na jamaa zao. Ubora wa vichekesho hivi umesifiwa sana. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba umbo lao liliingia ndani ya betri sawasawa. Kipindi ni cha nusu saa, kisa kinaanza na kuisha palepale, na mtu ambaye hakutazama tangu Krismasi iliyopita anajua kila kitu anachohitaji kujua: mzee ni mkali na ana tamaa, mke wake ana akili kumzidi, mgeni aliyefika analeta matata. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alimcheza Mzee Ojwang wa Vitimbi akiwa si Mjaluo, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, mbele ya Mama Kayai wa Mary Khavere. Pwani ya ziwa ilikuwa na kila sababu ya kukasirika kwa kuigizwa hivyo, ikampenda. Bibi asiyejua Kiswahili alitafsiriwa sikioni na mjukuu kutoka Nairobi, na kicheko chake kilifika nusu dakika baada ya cha wengine. Linganisha na tamthilia za Mexico zilizoanza kuonyeshwa KBC miaka ya 1990, zinazodai ufuatilie kisa wiki nzima. Hizo ni za nyumba yenye stima ukutani. Mwenye betri angeweza kuona sehemu ya 40 na ya 41 siku za Krismasi asielewe ni nani amemlilia nani.

Ratiba ilikuwa na wasimamizi wengine wawili ambao mtu wa Nairobi hawezi kuwabuni. Wa kwanza ni mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazovuta samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana na wavuvi wanabaki nchi kavu. Krismasi iliyoangukia mbalamwezi ilikuwa na wanaume wa ufukweni mbele ya runinga. Iliyoangukia giza, mwezi ukiwa mchanga, iliwakuta wengi wakiandaa karabai saa ile ile ya habari. Wa pili ni Sabato. Waadventista walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kusini mwa ghuba imani yao ina mizizi mirefu. Mwaka 1993 na mwaka 1999 Krismasi iliangukia Jumamosi. Katika nyumba inayoshika Sabato runinga haikuwashwa hadi jua lizame, ambalo huku huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, na hivyo betri ikaokoa alasiri nzima na kuingia kwenye habari za saa moja ikiwa na nguvu zote.

Pingamizi la kwanza dhidi yangu ni la mjini. Milimani, Makasembo na Tom Mboya mjini Kisumu palikuwa na stima, na bado majirani walijaa sebuleni kwa mwenye runinga; je, betri ina uhusiano gani na hao? Najibu kwamba mjini uhaba ulibadilisha sura tu. Chombo kiligharimu mishahara ya miezi, chaneli ilikuwa moja, hivyo hapakuwa na ugomvi wa kuchagua, na KTN, iliyoanza Nairobi Machi 1990, ilichukua miaka kufika ziwani. Tofauti inaonekana katika utaratibu. Sebule ya mjini ilijaa na kupwa kama kawaida mwaka mzima. Boma la kijijini lilikusanyika kwa miadi, likijua saa ya kuanza na takriban saa ya kuisha. Miadi hiyo ilitoka kwenye betri.

La pili lina uzito zaidi: kwamba ninapunguza upendo kuwa ampea. Watu walikuja kwa kuwa walitaka kuwa pamoja, na wangekuja hata bila runinga. Nakubali kuwa walikuja kwa upendo. Lakini redio ilikuwa tayari nyumbani, na katika sensa ya 2009 takriban robo tatu ya kaya za Kenya zilikuwa na redio, runinga zikiwa katika chini ya theluthi moja, stima ya taa chini ya robo. Mawe ya redio yalianikwa juani yakapata uhai wa siku mbili zaidi, na mzee alisikiliza peke yake chini ya mwembe. Upendo ule ule, nyumba ile ile, na hakuna mkusanyiko wa watu 30, kwa kuwa redio haikuwa haba kiasi hicho. Upendo unaeleza kwa nini walifika nyumbani. Hauelezi kwa nini wote walikaa upande mmoja wa ua, saa moja hadi saa tatu, wakitazama kitu kile kile.

Nalo suala la nani alikaa wapi halipaswi kupambwa. Mila ya Waluo huweka umbali wa heshima kati ya mkwe na mamamkwe, na baba mkwe hachangamani ovyo na wake za wanawe. Chumba cha mita tatu kwa nne hakina nafasi ya umbali huo. Suluhisho la kawaida lilikuwa kuitoa meza hadi barazani au kugeuza kioo kielekee dirishani, wazee wakapata viti ndani, vijana na watoto wakakaa mkekani nje, na majirani wakasimama kwenye ua wa euforbia. Ni ubunifu mzuri. Lakini saa za betri, saa moja hadi saa tatu, ndizo saa za kusonga ugali, kukaanga samaki na kukanda chapati za kesho yake, na waliokuwa jikoni ni mabinti na wake za wana. Walisikia kicheko cha Vitimbi kupitia ukuta. Anayesimulia Krismasi zile kama wakati ambapo familia yote ilitazama pamoja anawasahau watu walioufanya utazamaji uwezekane, na kosa hilo limo katika simulizi karibu zote ninazozijua za kipindi kile.

Kisha kuna jambo ambalo liliifanya Desemba ya Kenya kuwa ya peke yake. Uchaguzi mkuu wa 1992 ulifanyika tarehe 29 Desemba, wa 1997 tarehe 29 ukaendelea hadi 30, wa 2002 na wa 2007 tarehe 27. Mara nne mfululizo, betri ya Krismasi ilitakiwa ibakize kitu kwa ajili ya matokeo. Kwa familia ya Kisumu, ambako siasa ya taifa haijawahi kuwa habari ya mbali, uamuzi wa kuzima runinga mapema usiku wa tarehe 25 ulikuwa na sababu nzito. Mwaka 2007 foleni za kuchaji baada ya Krismasi zilikuwa na maana nyingine kabisa. Hesabu ya kura za urais ilitazamwa moja kwa moja kutoka KICC, jumba la mikutano la Nairobi, siku baada ya siku, pengo kati ya wagombea wawili wa mbele likipungua. Jioni ya tarehe 30 Rais Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kisumu, iliyomuunga mkono mpinzani wake, iliwaka, watu wakauawa. Mkusanyiko ule ule wa ua mmoja, uliozoea kucheka pamoja, ulipokea habari hiyo pamoja, kisha kioo kikanyamaza kuhusu mambo yaliyokuwa yakitokea barabarani nje. Katiba ya 2010 ilihamishia uchaguzi Agosti, na Desemba ikarudishiwa sherehe.

Mwisho wa mfumo huu wa betri una tarehe inayojulikana. Februari 2015 matangazo ya analogi yalizimwa Kisumu na miji mingine ya awamu ya pili. King'amuzi kilichohitajika kilitoa picha kwa nyaya za rangi tatu, na runinga nyingi za zamani zisizo za rangi hazikuwa na matundu ya kuzipokea. Zilikuwa na tundu la antena tu. Zilikufa zikiwa nzima. King'amuzi chenyewe kilikula nishati yake, hata kwa yule aliyepata cha kuunganisha kupitia antena, na hesabu ya zamani ikavurugika. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Last Mile wa kusambaza stima vijijini. Familia bado zinarudi kila Desemba, mabasi ya Kisumu bado yanajaa, lakini ndani ya boma mmoja ana simu, mwingine ana runinga ya rangi ya inchi 32, na vijana wako kibandani wakitazama mpira wa Uingereza.

Wapo watakaosema uhaba haujaisha, kwa kuwa maelfu ya nyumba mwambaoni bado zinatumia sola, sasa kwa mkopo unaolipwa kwa simu, pamoja na runinga bapa inayokula wati chache kuliko Greatwall yoyote. Ni kweli, na ndipo tofauti inapoonekana vizuri zaidi. Vifaa hivi vina kidhibiti kinachopima betri na kukata umeme chenyewe kabla haijaharibika, na malipo yakichelewa vinafungwa kutoka mbali. Kazi ya kujua zimebaki dakika ngapi imetoka mikononi mwa kijana aliyesoma ukanda mweusi kwenye kingo za picha na kuingia ndani ya kisanduku kisichofunguliwa. Nyumba inapata mwanga zaidi na betri inadumu miaka mingi zaidi, faida ambazo hakuna mwenye akili atakayezikataa. Hakuna tena haja ya mama wa boma kuanza hesabu mapema Desemba, wala ya watu watatu kwenye mlingoti, wala ya mtu yeyote kukubaliana na mwingine kuhusu saa ya kuwasha.